Kusoma Biblia kwenye chumba kimoja: vile sisi tunafanya na vile na wewe unaweza kuanza

Nianze na sufuria, manake watu wakiniuliza nyinyi mnafanyaje mpaka watoto wanakaa chini kusoma Biblia, jibu langu la kwanza ni sufuria. Saa mbili usiku tukishakula, simu zote za nyumba hii, yangu, ya baba watoto akiwepo, na ile ndogo ya tochi ya kifungua mimba, zinaingia kwenye sufuria kubwa ya posho, ule ugali wetu, ikiwa imeoshwa na kukauka, inafunikwa, inapandishwa juu ya kabati. Zikiita zinanguruma mle ndani kama nyuki, watoto wanacheka kidogo, tunaendelea. Siku ya kwanza baba watoto alikataa, akasema mimi ni askari, afande akinipigia je? Nikamwambia afande akipiga mara tatu utatoka, akipiga mara moja hiyo ni salamu. Mpaka leo hajatoka zaidi ya mara nne hivi.

Sisi tunakaa barakisi ya polisi hapa Kampala, kwenye zile nyumba za bati za mviringo zinaitwa mama ingia pole, na jina linajieleza lenyewe, ukiingia haraka mlango unakufundisha adabu. Chumba kimoja, pazia katikati, wazazi huku watoto kule. Mume wangu ni Mwacholi wa Kitgum, Mkatoliki. Mimi ni Msamia wa Busia, Mprotestanti. Watoto wakitoka nje wanaongea Luganda, shuleni Kiingereza, na lugha ya nyumbani ni hiki Kiswahili chetu cha barakisi ambacho najua ndugu zetu wa Pwani wakikisoma watashika kichwa, mtusamehe. Nayasema haya ujue siandiki kwa watu wenye sebule na meza ya mahogani. Naandikia mtu kama mimi, mwenye mkeka, taa inayozima Yaka, ule umeme wa kulipia kabla, ikiisha, na watoto ambao saa mbili na nusu washaanza kusinzia.

Halafu kitu kimoja kabla sijaenda mbele. Watu wengi wanaanza na kusoma, wananunua Biblia mpya, wanapanga ratiba wanaibandika ukutani, wiki mbili imekufa. Sisi pia ilikufa, mara tatu. Tulikuwa tunaanza na kitabu na kumbe kitabu sio cha kwanza, cha kwanza ni kumcha.

KUMCHA NI NINI HASA

Siku moja tulisoma Mithali 9:10, "Kumcha Bwana ni mwanzo wa hekima", kitinda mimba wetu akaangalia vidole vyake akauliza, mama, kucha za Bwana ni refu? Tulicheka sana. Lakini baada ya kucheka nikajiuliza, na wewe mama mtu mzima unajua hilo neno maana yake? Nilikuwa nimelisoma miaka yote hiyo kama mtu anayepita kituo ambacho hashuki.

Luganda wanasema okutya Katonda, na okutya ndilo neno lile lile la kuogopa nyoka. Kiswahili kimetubariki, kina kuogopa na kina kucha, maneno mawili. Baba watoto ndiye alitueleza tofauti vizuri kuliko mchungaji yeyote niliyemsikia, sababu amefanya kazi ya trafiki. Alisema hivi: mtu wa boda akiniona kwenye makutano anavaa helmeti, akinipita anaitundika tena kwenye hendeli, huyo ananiogopa. Lakini kuna mwingine unamkuta saa nane usiku, barabara tupu, hakuna askari, hakuna kamera, na helmeti iko kichwani imefungwa mkanda. Huyo anaheshimu kitu kikubwa kuliko mimi. Basi anayemcha Mungu ni huyo wa pili.

Tangu siku hiyo nyumbani tuna msemo, mtoto akifanya kitu kizuri bila kuonwa tunamwambia leo umevaa helmeti usiku.

Sasa kumcha kunaingiaje ndani ya nyumba, manake sio hewa, lazima uone mahali. Kwetu kumeingia kupitia midomo kwanza. Tulikuwa na tabia, na najua sio sisi peke yetu, Jumapili tukitoka kanisani, kwenye teksi, yaani matatu, hata haijajaa tushaanza: leo mchungaji kahubiri mpaka matumbo yamelia, ile gauni ya mama fulani umeiona, kwaya wameimba kama mbuzi. Watoto wamekaa hapo katikati wanasikiliza. Halafu jioni unamwambia mtoto njoo tusome Neno la Mungu kwa heshima, heshima gani? Ameshajifunza kwako kwamba mambo ya Mungu ni ya kuchekea kwenye teksi. Tulikubaliana mimi na mzee, kutoka kanisani mpaka nyumbani kila mtu aseme kitu kimoja alichosikia, kama hakusikia kitu anyamaze. Mara ya kwanza tulinyamaza wote safari nzima, aibu tupu.

Kitabu chenyewe pia. Kuna watu wanaweka Biblia chini ya mto wa mtoto mchanga eti afukuze ndoto mbaya, na haitolewi hapo mpaka mtoto aanze kutambaa, nikikuta hivyo nasikitika, manake imekuwa hirizi na haisomwi. Mwingine ameifunika kwa kitambaa cha kufuma iko juu ya tivii, nzuri kweli kweli, ukiifungua kurasa zimeshikana. Ile ya kwetu imechakaa, ina tone la mafuta ya taa kwenye Warumi na ukurasa mmoja ulitafunwa na mtoto, na naiona ina heshima kuliko zile. Ila haikaliwi, haiwekewi kikombe cha chai juu, na anayesoma anakaa vizuri. Kwenye Nehemia 8 Ezra alipofungua kitabu watu wote walisimama, na walikuwa wamesimama toka asubuhi mpaka adhuhuri, wanaume, wanawake, na kila aliyeweza kuelewa. Sisi hatusimami, dari haituruhusu, lakini tunaketi kama watu wanaosubiri kuambiwa kitu.

MUME NA MKE, HAPA NDIPO PAGUMU

Ndugu yangu, unaweza ukasoma Biblia yote vitabu 66, au 73 kama za mume wangu, na kama baba na mama hawaheshimiani watoto wataona ni mchezo wa kuigiza. Wanaume wetu wanaipenda sana Waefeso 5:22, ile ya wake watiini waume zenu, hiyo wameihifadhi hata waliolala kanisani. Usipigane nao. Wewe mwambie tu, baba, leo tuanzie mstari wa 21. Hapo panasema "hali mnanyenyekeana katika kicho cha Kristo", yaani wote wawili, na hicho kicho ndicho kile kile cha kumcha. Halafu usiishie 22, nenda mpaka 25, mume ampende mke kama Kristo alivyolipenda Kanisa, akajitoa kwa ajili yake. Alijitoa, wala hapo hakuna mahali alilipiga makofi Kanisa. Sisi tulichukua jioni nne kwenye mistari hiyo kumi na mbili, 22 mpaka 33, na sijutii hata moja.

Ingine ya kukaa nayo ni 1 Petro 3:7, inawaambia waume "kaeni na wake zenu kwa akili". Kwa akili! Nilipenda hilo neno. Na mwisho wake unasema wampe mke heshima ili kuomba kwao kusizuiliwe. Baba watoto alinyamaza muda hapo, akasema kumbe mtu anaweza kuwa anafunga na kukesha na maombi yanagonga bati yanarudi, sababu ya vile alivyomjibu mke asubuhi.

Hapa niseme kitu wazi bila kuzunguka. Kama kwako kuna kupigwa, kumcha Mungu sio kuvumilia kupigwa. Usikubali mtu akakusomea mstari nusu akakurudisha kwenye ngumi. Uganda ina sheria ya vurugu za nyumbani tangu 2010, polisi kuna kitengo cha familia na watoto, na kwa watoto kuna simu ya bure 116. Mimi ni mke wa polisi nakuambia, nenda, na ombi lako utaliomba ukiwa mahali salama.

Mwanzo 2:24 nayo ilituletea kesi nzuri. Sisi huku tumezoea ni mwanamke anayeacha kwao, anabeba masanduku anahamia kwa watu. Isome pole pole: "mwanamume atamwacha baba yake na mama yake naye ataambatana na mkewe". Ni mwanamume! Mimi nilikuwa nimeisikia kwenye harusi zaidi ya ishirini na sijawahi kuona. Tuliongea mpaka saa nne usiku kuhusu mama mkwe, maamuzi ya nyumba yetu yanatolewa wapi, Kitgum au kwenye mkeka huu. Na kusema kweli mstari huo ulinifurahisha sana, nilikuwa tayari kuutumia kama rungu, mpaka miezi kadhaa baadaye tukafika Marko 7, Yesu anawakemea watu waliokuwa wanasema hela ya kuwasaidia wazazi ni Korbani, nimeshamtolea Mungu, halafu mzazi analala njaa. Mimi nilikuwa nimeahidi hela ya ujenzi wa kanisa, na paa la nyasi la mama mkwe lilikuwa linavuja. Unaona mambo hayo? Neno moja limemshika mume, lingine limenishika mimi. Bati la mama mkwe lilinunuliwa kwanza, ahadi ya kanisa nikailipa pole pole mpaka ikaisha.

KUSOMA SASA, TENA POLE POLE

Hapa Uganda tuna historia moja nzuri ambayo hatuitumii. Wamisionari Waanglikana wa kwanza walifika kwa Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, 1877, Mackay akaja Novemba 1878, Wakatoliki akina Padri Lourdel wakaingia Februari 1879. Watu waliowafuata hawakuitwa walokole wala nini, waliitwa abasomi, wasomaji. Mpaka leo Luganda kusoma na kwenda kusali ni neno moja, okusoma. Na unajua walianza kusoma kwa lugha gani? Kiswahili! Biblia nzima ya Luganda ilikuja kutoka 1896, kabla ya hapo vijana wa ikulu walikuwa wanahangaika na maandiko ya Kiswahili, lugha isiyo yao, wanaulizana neno hili ni nini, lile ni nini. Na kati ya hao hao ndio walitoka wale mashahidi waliouawa, wengi wao wakachomwa Namugongo, wale tunaowakumbuka kila tarehe 3 Juni, 22 Wakatoliki na 23 Waanglikana. Kwa hiyo mtu akikuambia Kiswahili Uganda ni lugha ya askari na wezi, mwambie na ya wasomaji pia.

Kwenye familia yetu yenye dini mbili hadithi hiyo imetusaidia sana, manake mashahidi hawakuuliza huyu wa Roma huyu wa Kanta, yaani Canterbury ya Waanglikana. Na baba watoto naye ana wake wa kwao anaowasimulia watoto, Daudi Okelo na Jildo Irwa, makatekista vijana wa Kiacholi waliouawa Paimol 1918, Jildo akiwa mtoto kabisa, wakatangazwa wenye heri 2002. Mtoto wetu wa P.6, darasa la sita, akisikia hiyo hasinzii.

Basi namna tunavyosoma. Chagua kitabu kimoja, ukae humo. Usifungue tu popote pakija ndio ujumbe wa leo, hiyo ni bahati nasibu. Usianze na Mwanzo ukidhani utafika Ufunuo, utafia Mambo ya Walawi kama tulivyofia sisi. Anza na Marko, sura 16 tu, matukio yanakimbia, watoto wanafuata. Soma kipande kidogo, kile kinachoanza na kuisha, muujiza mmoja au mfano mmoja, mistari kumi hivi. Mtu mmoja asome kwa sauti, halafu mwingine asome tena hiyo hiyo. Ya pili ndio watu wanasikia.

Baada ya hapo ni maswali, na hapa usijifanye mchungaji. Nani anaongea, anamwambia nani, kabla ya hapa kulitokea nini, neno gani hatulielewi. Hayo tu. Halafu mwisho kabisa, kesho tubadilishe nini, kitu kimoja ambacho kinafanyika kabla ya saa mbili kesho jioni. Sio tuwe na upendo, hapana, upendo gani? Sema kesho nitamrudishia jirani jerikeni lake nililokaa nalo tangu Pasaka.

Nikupe mfano wa kwa nini hilo la kabla ya hapa kulitokea nini ni la maana. Yeremia 29:11, hiyo iko kwenye stika za teksi nusu ya Kampala, Mungu anatuwazia mawazo ya amani na tumaini. Nzuri. Sasa rudi mstari mmoja nyuma, 29:10, inasema miaka sabini. Ile ni barua kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli, na manabii wa uongo walikuwa wanawaambia mtarudi sasa hivi. Mungu akawaambia, mstari wa 5, "Jengeni nyumba, mkakae ndani yake, kapandeni bustani, mkale matunda yake". Yaani mtakaa huko, ishini. Tulisoma hii na dada mmoja Mkongo tuliyekuwa tunasali naye, kila mkesha wa mwaka mpya anaambiwa mwaka huu unarudi nyumbani, ana miaka mingi na masanduku yake yamefungwa nusu. Alilia, halafu akanyamaza, halafu akauliza, kwa hiyo naruhusiwa kupanda mboga? Wiki ile akakodi kipande cha shamba. Stika ya teksi isingemfikisha hapo.

Mchezo mwingine tunaofanya, huu watoto wanaupenda kuliko yote, ni kuwinda maneno ambayo watu wanasema yako kwenye Biblia na hayako. Niliwaambia atakayenionyesha "jisaidie nikusaidie" nitamnunulia roleksi, ile chapati ya mayai, mbili. Wametafuta siku tano, wamekwenda mpaka kwa mama wa nyumba ya tatu, wakarudi wamekasirika, haipo! Na haipo kweli. Pesa ni chanzo cha maovu? 1 Timotheo 6:10 inasema ni kupenda fedha, sio fedha. Mamajusi watatu? Mathayo hakuhesabu, alitaja zawadi tatu. Tunda la Edeni kuwa epo? Tafuta. Ukifanya hivi miezi michache mtoto anakuwa kama wale watu wa Beroya, Matendo 17:11, waliomsikia Paulo mwenyewe na bado wakaenda kuchunguza maandiko kila siku kama mambo ndivyo yalivyo. Na hapo mzazi jiandae, manake mtoto akishajifunza kuchunguza hatachunguza mchungaji peke yake, atakuchunguza na wewe.

Kuhusu Biblia ipi. Ile ya Union ya 1952 ni tamu kwa sauti, Zaburi yake hakuna inayoishinda, lakini ina maneno magumu, uelekevu, kicho, kumstahi, mtoto wa Kampala anapotea. Habari Njema ni nyepesi. Sisi tunasoma Union halafu Habari Njema, na baba watoto anaangalia yake ya Kiacholi, mimi nachungulia ya Luganda niliyokulia nayo kanisani, na zikitofautiana hapo ndipo pananoga. Kama una moja tu, moja inatosha. Tuna daftari la shule la kurasa 96 la kuandika maswali, na lile ambalo hatujaliweza linakaa humo mpaka apatikane mtu wa kumuuliza, katekista wa upande wa baba au reverendi wa upande wangu. Mengine yana mwaka mzima humo. Ni sawa tu, mtoto akisikia baba yake anasema hilo sijui, tuliandike, anajifunza kumcha Mungu hapo hapo.

SIKU YA WAEFESO 6

Hii nimeiweka pekee yake sababu ndiyo iliyobadilisha nyumba yetu, zingine zote ni mapambo.

Tulifika Waefeso 6:4, "Nanyi, akina baba, msiwachokoze watoto wenu". Mtoto wa P.6 akauliza, kuchokoza ni nini? Baba yake akaeleza vizuri kabisa, kwa mifano, ni kumsumbua mtu mpaka akasirike bila sababu, mtu hajakukosea wewe unamfuata. Mtoto akafikiria. Akasema, kama ile siku ulinichapa juu ya hela ya maji na kumbe sio mimi niliyechukua?

Jamani. Chumba kilinyamaza mpaka tukawa tunasikia redio ya jirani kupitia bati. Mimi niliangalia mkeka. Ile hela ilipatikana siku mbili baada ya fimbo, ilikuwa kwenye mfuko wa koti la baba mwenyewe, na hakuna aliyesema kitu, iliisha hivyo tu kama mambo mengi yanavyoisha kwenye nyumba zetu, mkubwa hakosei.

Mume wangu aliinuka akatoka nje, nikajua basi, leo imeharibika. Alikaa huko kama dakika tano. Akarudi, akainama kwenye ule mlango, akapiga magoti moja kwa moja akiwa bado ameinama, akamwambia mtoto, nilikuchapa bure, nilikosea, nilijua na nikanyamaza, nisamehe. Mtoto hajawahi kuona kitu kama hicho maisha yake yote, hakujua ajibu nini, akajibu, "Sawa afande." Tulicheka mpaka tukalia, au tulilia mpaka tukacheka, sijui ipi ilitangulia.

Toka siku ile watoto hawaitwi mara mbili kuja kwenye mkeka. Na mimi ndipo nilipoelewa kwa nini zile ratiba tatu zilikufa, zilikuwa za kuwanyoosha watoto, na sisi wakubwa tumekaa pembeni na fimbo. Kumbe Kumbukumbu la Torati 6:6 inaanza na maneno haya kuwa kwenye moyo wako wewe, halafu 7 ndio inakuja uwafundishe watoto, uketipo nyumbani, utembeapo njiani, ulalapo, uondokapo. Tunapenda kurukia 7.

VITU VIDOGO VIDOGO

Mume akiwa kazi mbali. Wangu alipelekwa Karamoja karibu mwaka na nusu. Tulikuwa tunasoma kipande kile kile, yeye huko sisi hapa, anatuma voisi ya WhatsApp akipata netwaki, wakati mwingine saa sita usiku, tunaisikiliza asubuhi tukinywa chai. Kuna voisi moja inasikika upepo tu na anasema Zaburi ya 128, "Wanao kama miche ya mizeituni wakiizunguka meza yako", halafu kimya, halafu anasema haya, lala. Sijaifuta.

Kama ni mama peke yako, soma 2 Timotheo 1:5. Imani ya Timotheo inatajwa kupitia bibi yake Loisi na mama yake Eunike, basi.

Kijana aliyeingia sekondari, huyu usimlazimishe kuongea. Alazimike kukaa tu, kuongea ni hiari. Mkubwa wetu alikaa kimya kipindi kizima cha likizo ya Desemba amegeuzia uso kwenye pazia, siku moja katikati ya mfano wa mpanzi akauliza ile mbegu ya kwenye miiba ni kosa la nani, ya mbegu au ya mwenye shamba? Iko kwenye daftari.

Muda usizidi dakika ishirini. Ombi liwe fupi, na usitumie ombi kumsema mtu, ee Bwana msaidie mtoto wako huyu mvivu wa kuosha vyombo, hiyo sio sala hiyo ni barua ya malalamiko. Mkigombana siku hiyo someni hivyo hivyo mkiwa mmenuna, ila mwenye kosa ndiye asome. Mkiruka siku usilipize kwa kusoma sura tatu, endelea ulipoachia.

Alama yetu sasa hivi iko Marko 8, ni risiti ya Yaka iliyokunjwa. Zamu ya leo ni ya kitinda mimba, na yeye akifika kwenye neno gumu analiruka haraka haraka akidhani hatujasikia.